Kanisa Lilipohamia Mlangoni pa Wodi

Nyumba za Wafanyakazi wa Hospitali,
Chumba namba 6.
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa mwanangu Tumbiri,

Pokea salamu za shangazi yako. U mzima? Mkeo hajambo? Na yule mdogo, ameota meno au bado anatafuna kwa fizi kama bibi yake? Mimi sijambo, ila mgongo, na huo tulishazoeana. Bado nafua shuka za wagonjwa, na mashine ya kukaushia bado inagoma kila mvua ikinyesha.

Habari za baba yako si nzuri. Amelazwa tena, na safari hii daktari hakumung'unya maneno: ini limechoka, kilichobaki ni dawa ya maumivu tu. Hilo nilikuambia kwa simu. Leo nataka kukueleza yale ambayo simuni yalinishinda.

Unamkumbuka mwinjilisti wetu, yule tunayemwita Kipaza. Ndiye aliyesimama kando ya kitanda cha mama yako akimhimiza atubu, mgonjwa mwenyewe hata nguvu za kuomba maji hana. Baba yako akamtoa nje, na baada ya mazishi wewe naye mkaapa kutokanyaga kanisani tena. Sikuwalaumu. Miaka yote hiyo nimeimba kwaya bila nyinyi, na iliniuma.

Basi kaka yangu alipolazwa, Kipaza huyo tena, kila wiki, Biblia kwapani. Baba yako akimwona anageukia ukuta. "Amekuja kunisomea mashtaka," aliniambia. Nilimsihi Kipaza apumzike, akanijibu kuwa roho ya mtu iko hatarini. Hapo alisema kweli. Hata mimi usingizi ulikuwa umeniruka kwa hofu kwamba kaka yangu atakufa amempa Mungu mgongo.

Kisha upepo ukaezua paa la kanisa. Hospitali ikatupa ukumbi ulio mbele ya wodi ya wanaume, kwa sharti moja: milango isifungwe, vitanda vya magurudumu vipite. Wazee wa kanisa wakaanza kuvutana. Kipaza akataka ibada iwekwe kando tuhubiri tu, maana wagonjwa hawana pa kukimbilia. Mzee mwingine akataka pazia, wasituone tukishiriki meza ya Bwana. Nikamwuliza kama anadhani tunaiba. Mchungaji akawakata wote kauli, tukasali kama tunavyosali siku zote, tukijibana ukutani kila kitanda kikipita.

Ikafika sala ya toba. Kipaza alikuwa amepiga magoti mlangoni kabisa, karibu na kitanda cha baba yako, na unajua yule mtu hajui kunong'ona. Akasema pamoja nasi kwamba amekosa, kwamba hakumpenda jirani yake, ahurumiwe.

Nilipompelekea baba yako uji akaniuliza, "Kumbe na yeye huomba msamaha?" Nikamwambia kila Jumapili, yeye na sisi sote, na mchungaji mwenyewe. Uji ukapoa hajaugusa. Mwanangu, miaka yote hiyo tulimwendea na kidole cha kumnyooshea, hatukumwonyesha hata mara moja mahali tunapopiga magoti sisi wenyewe. Nililia nikikunja shuka, wala sikujificha.

Jumapili iliyofuata akaomba kitanda chake kisogezwe mlangoni. Ibada ilipokwisha Kipaza akamwendea, nikajua sasa yameharibika. Alisema tu, "Nisamehe kwa yale ya mkeo." Baba yako akakunja miguu ampishe pa kukaa, naye akaketi.

Paa limekwisha kutengenezwa, na jana tumerudi kanisani. Nilikimbilia wodini nikiogopa kumkuta ameshika tama. Nikamkuta ameegemea mto, anasema sala ya toba kwa sauti. Alipokwama katikati, jirani yake wa kitanda, dereva wa lori asiyejua hata mlango wa kanisa, akamwambia aendelee. Wengine wakaanza kufuatisha. Wala hakuwa anamhubiria mtu, alikuwa anaomba tu.

Sasa njoo, mwanangu. Najua si nauli inayokuzuia. Unaogopa tutakusimamia kama tulivyomsimamia mama yako. Baba yako amenituma neno hili, nalileta kama lilivyo: "Mwambie sitamhubiria. Nataka tu nikiomba, awe ameketi hapa."

Nisalimie mkeo, mbusu mdogo, na umfikishie salamu mama yako mdogo hapo jirani. Dada zako wote wanakusalimu. Mungu akufungulie njia, akufikishe ukiwa mzima, na akukutanishe na baba yako angali anaweza kukuita jina.

Mimi nikupendaye, nikikungoja,
Shangazi yako