Hita Uliyomletea Mama

Chumba cha nyuma ya duka,
9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo? Kile kikohozi cha baridi ya huko kimepoa? Picha uliyotuma tumeiona: umenona, shingo imezama mabegani. Hongera. Sisi hatujambo, sote isipokuwa mama, nitamfikia.

Shemeji yako analalamikia mgongo, kama kawaida yake kukiwa na kazi. Binti yangu amefaulu mtihani, anataka kusomea umeme. Nimemwambia asubiri kwanza.

Sasa mama. Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi, alichukua hita moja katika zile ulizotuletea kwenye kontena, akaizamisha kwenye ndoo ya maji ya kuoga, akachomeka. Maji yalipopata moto akaishika mpini ili aitoe. Mpini ulikuwa umeshayeyuka. Umeme ukamkamata mkono ukakataa kumwachia. Fundi cherehani wa chumba cha jirani alisikia ndoo ikipinduka, akakimbia kuzima swichi kuu. Yeye ndiye aliyemwokoa, si mimi wala wewe. Mimi nilikuwa mbele dukani, namsifia mteja hita hiyohiyo.

Nilipokupigia simu, la kwanza ulilosema ni, "Dada, kupima vitu si kazi yangu, ni kazi ya serikali." Hata hukuuliza ni mkono upi. Basi nikaenda kwa hao wa serikali. Bwana wa ofisi ya viwango akasema wao hupima vichache tu, niulize bandarini. Bandarini wakasema karatasi zilifika zimeshagongwa muhuri huko kiwandani. Nikarudi nyumbani, shemeji yako naye akasema mnunuzi ana macho. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Usidhani nakulaumu peke yako. Zile stika za "IMEPIMWA" ulizoniagiza nichapishe ili wateja wasiulize maswali, tulizibandika sisi wenyewe, kwenye meza ya mama, tukinywa chai. Mama ndiye aliyekuwa na mkono mtulivu, yake haikwenda upande hata moja. Hatukumweleza kitu. Alidhani wewe umeshapima huko uliko, yeye anamalizia tu. Alipotaka hita ya kwake, alipekua boksi zima akachagua yenye stika iliyonyooka. Nilimwona akichagua, nikanyamaza. Wa kutukana mdomo ninao, wa kukiri sina.

Kuhusu kontena la pili lililozuiwa bandarini, tulia. Mkaguzi wa ofisi ya viwango alikuja juzi hospitali alikolazwa mama, na fomu yake, mtu mpole, akavuta kiti. Mama akamwambia, "Mwanangu hawezi kuleta kitu kibaya, baba. Ni mimi na uzee wangu, nilishika mikono imelowa." Nikafungua mdomo. Mama akanitazama, nikaufunga. Mkaguzi akaandika kwamba kosa ni la mtumiaji. Hita zako zitatolewa bandarini wiki ijayo. Tafuta mtu wa kuzipokea, mimi sizigusi. Na nakuchukia, mdogo wangu, tangu Jumanne ile nakuchukia, ila sijui kama ni wewe kweli au ni mimi.

Nisalimie wifi yangu na mapacha. Shemeji yako anakusalimu. Fundi cherehani naye anakusalimu, kwa shingo upande. Mungu akupe umri mrefu na riziki pana. Hiyo ni dua ya mama, anaiomba kila asubuhi, nami naitikia amina kwa kuwa nimekaa karibu naye.

Nakala ya ile fomu nimeitia ndani ya bahasha hii, itunze, inakusafisha wewe. Usishangae ile alama pale chini: mama ametia dole gumba la kushoto. La kulia lilikatwa Ijumaa.

Ni mimi nikupendaye, maana sina ndugu mwingine,
Dada yako.