Kicheko Chini ya Maneno Yangu

Copenhagen, 9 Machi

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi. Goti linaendeleaje? Natumaini baridi ya Svendborg imepungua, na yule muuguzi mpya ameacha kukutilia sukari kwenye kahawa. Sisi huku hatujambo, ila mimi usingizi umenipaa tangu Jumatatu.

Siku hiyo jirani yako, Bi Agnete, alinipigia simu kuuliza kama nitafika Jumamosi. Ndipo nikajua umewaalika wazee wenzako wote wa makao yenu ukumbini kuitazama ile filamu ya farasi wa posta, na kwamba keki imeshaagizwa. Alisema umewaeleza jinsi diski ya filamu hiyo inavyofanya kazi: unabonyeza kitufe, waigizaji wananyamaza, na wewe, Ejnar wao, unaongea juu ya picha. Bwana Viggo naye eti kakutania kwamba hata waigizaji wamechoshwa na domo lako, wamekuachia jukwaa. Nilicheka naye. Kisha nikakata simu nikakaa kwenye ngazi, koti bado mwilini.

Baba, kampuni iliyoitoa diski hiyo inakutumia nakala kwa posta. Ikitangulia kufika, tafadhali usiiweke mbele ya watu kabla hujamaliza barua hii.

Unaikumbuka siku tuliyorekodi. Kampuni ilinitaka mimi, mwalimu wa filamu chuo kikuu, nirekodi maelezo ya kusikika juu ya picha, nami nikawaambia nina baba aliyeitengenezea filamu hiyo theluji ya bandia, Juni ya mwaka 1961. Walifurahi mno. Ulikuja na tai uliyovaa kwenye harusi yangu. Kwa nusu saa nzima ulisimulia, na fundi wa sauti, Mogens, alisahau hata kunywa kahawa yake. Tulipofika kwenye theluji ya uani ukasema hayo ni manyoya ya bata, kwa sababu kule barabarani mlianza na chumvi na farasi akawa anailamba. Nikakukatiza. Nikasema nyaraka za studio zinataja chumvi tu, manyoya hayamo. Ukanijibu kwa utani, "Wee mtoto, karatasi zako hazikumwona yule farasi." Mogens akacheka. Mimi nikasema, kipaza sauti kikiwa wazi, kwamba hapa tunataka ukweli, si porojo za mezani.

Hukusema tena. Ulikaa pale saa nzima, mikono magotini, mpaka filamu ikaisha. Njiani ukaniambia koo limekukauka, nami nikajifanya nimeamini.

Sasa nakuambia usilolijua. Wiki iliyofuata Mogens aliniuliza aipange vipi ile nusu saa yako. Alisema ndiyo bora kuliko yote, kwa sababu maarifa yangu mtu anaweza kuyasoma kitabuni, lakini yako yataondoka na wewe. Nikamwambia aiondoe yote. Aliniuliza mara mbili. Nikarudi peke yangu nikaijaza nafasi yako kwa sauti yangu, na rekodi ya kwanza ikafutwa. Jina lako halimo hata kwenye jalada.

Wala haikuwa kwa sababu ya chumvi, Baba. Niliona haya. Niliwafikiria wenzangu wa chuo wakiisikia lafudhi yako ya kisiwani Fyn, wakisikia unavyowaita wakurugenzi "wale wa juu", wakajua nimetoka wapi. Umri huu wote nilionao, bado namwonea haya mtu aliyenisomesha kwa kutengeneza mvua na moshi wa uongo. Naandika haya na uso unawaka.

Baada ya simu ya Bi Agnete niliisikiliza diski kwa mara ya kwanza. Dakika ya arobaini na moja, nikiwa nasifu uaminifu wa nyaraka, mtu anacheka taratibu chini ya maneno yangu. Mogens hakuweza kukukata hapo bila kunikata na mimi. Nikarudisha picha nione ulichekea nini. Nyuma kabisa, barabarani, farasi anainamisha kichwa, anatoa ulimi, anailamba theluji. Uliona, Baba. Ushahidi ulikuwa mbele yetu wote wawili, ukacheka peke yako, hukunisuta.

Jumamosi nitapanda treni ya saa mbili asubuhi. Keki usiiahirishe. Nitasimama mimi mwenyewe niwaambie Bwana Viggo na wenzake nilichofanya, kisha tutazima sauti na utasimulia wewe, kwa lafudhi yako, mpaka mwisho. Ukiona ni bora nisije, niambie, sitalalamika. Lakini ikifika dakika ya arobaini na moja, iwashe sauti kidogo. Usinisikilize mimi.

Nisalimie Bi Agnete, na goti ulifunge vizuri. Nabaki na aibu yangu na mapenzi yangu,

Binti yako,
Solvej