Mabegi ya Wanao Mlangoni kwa Mama

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

“Nyumba hiyo imewashinda. Watoto waende shule ya bweni, na Mama aje kwangu apumzike.”

Hayo ni maneno ya kaka yetu mkubwa, Meneja, na najua amekwisha kukutumia na wewe, kwa sababu mtu huyu akipata wazo hawezi kulala nalo peke yake. Nitayajibu yote. Lakini kwanza tusalimiane, maana tulilelewa kwa adabu, hata kama mmoja wetu amesahau.

U mzima? Wifi yangu naye? Bado mnapokezana zamu za usiku huko hospitalini, mmoja anaingia kulala mwenzake anatoka? Na ule mgongo wako umepoa, au unaendelea kuinua wagonjwa kama magunia? Tafadhali jibu hili la mgongo, usilipite kama ulivyolipita mara iliyopita.

Sisi huku ni wazima. Mvua zimeanza, na bati la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka, tumeweka sufuria. Wakili, binti yako mkubwa, amepata miwani mipya na sasa anabishana na watu akiwatazama juu ya fremu. Chiriku, mdogo wake, ameng'oka jino la mbele, kwa hiyo maneno yake yote yanatoka na mluzi. Hayajapungua.

Mama anaendelea vizuri. Kifundo cha mkono wa kushoto kiliteguka alipoanguka pale mlangoni, mfupa haukuvunjika, na daktari amemfunga bandeji. Anakula, anacheka, anatutuma. Usikubali mtu akuchoree picha ya mgonjwa aliyelala chali.

Sasa nakuja kwa Meneja.

Ameshazungumza na shule ya bweni. Anasubiri neno lako tu, kwa kuwa wewe ndiye baba yao. Akisikia “sawa” yako, Jumamosi analeta gari kumchukua Mama, na muhula ujao wanao wanalala bwenini na watoto wasiowajua, na mimi nabaki humu na sufuria ya kukinga mvua. Ndiyo maana nakuandikia kirefu. Kwa simu ungeniambia “nitafikiria, dada,” halafu zamu ingeanza.

Anasema nyumba ni ndogo. Nyumba hii hii? Yeye mwenyewe amekulia humu! Tulikuwa watoto watano, na baiskeli ya Baba ililala kwenye ule ujia wa mlangoni, imeegemezwa ukutani, na kwenye usukani wake tulitundika kila tulichokuwa nacho: mabegi, kofia, mfuko wa soko, hata yule kasuku wa plastiki. Hakuna aliyepelekwa bweni. Baba alipofariki baiskeli ikauzwa, na tangu hapo pale mlangoni hapakuwa na mahali pa kuweka kitu chochote, basi vitu vikakaa chini. Ndilo jambo lenyewe. Halihitaji umeneja kulielewa.

Wewe hujapaona siku nyingi. Ukifungua mlango ulikuwa unagonga ndoo ya miavuli. Ukiiruka ndoo unakanyaga viatu, kimoja cha huyu, kimoja cha yule. Kwenye kizingiti cha dirisha dogo kulikuwa na funguo, bili za umeme, kitana, betri zilizokufa, na miwani ya Mama ambayo kila asubuhi tuliitafuta nyumba nzima. Na katikati, mabegi ya shule. Mdogo wangu, hayo mabegi mliyotuma mwaka huu nani aliyachagua? Yana magurudumu, na mifuko yake nayo ina mifuko. Chiriku akilivaa lake, ukimtazama kwa nyuma unaona begi lenye miguu. Tena Mama hakutaka ya zamani yatupwe, kwa hiyo ya mwaka jana na ya mwaka juzi yalijazana nyuma ya mlango, na mlango haukufunguka wote.

Hoja ya pili ya Meneja ni kwamba watoto hawana nidhamu, wanatupa mabegi popote, na ndiyo maana Mama ameanguka. Aliyasema haya mbele yao, sebuleni, amekalia kiti cha Mama, na siku hiyo alitaja bweni tu; la kumchukua Mama alilileta baadaye. Wakili, ambaye hubishana nami hata kuhusu saa ngapi sasa hivi, aliinamisha kichwa akasema, “Samahani, baba mkubwa.” Chiriku akasema samahani pia, kwa mluzi. Nilishangaa. Lakini nilikuwa na hasira na aliyekalia kiti, sikufuatilia.

Siku ya pili yake nikamwita fundi seremala wa mtaani kwetu. Jina lake la mtaani ni Kesho, na si kwa bahati mbaya.

“Dada, kesho asubuhi na mapema,” akaniambia.

“Leo,” nikasema. “Ninaweka kiti hapa, na siondoki mpaka upige msumari wa mwisho.”

Akapiga. Akafunga ubao mrefu wenye kulabu za chuma, na chini yake rafu ya viatu. Ndoo ya miavuli ikahamia pembeni. Nikasimama kuutazama ukuta wangu, nikawa namtungia Meneja sentensi moja baada ya nyingine.

Wakili akarudi kutoka shule, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. “Shangazi, hizi kulabu umejiwekea wewe.”

Unajua nilivyo mrefu. Chiriku aliruka mikono juu, hakuugusa hata ubao. Ikabidi Kesho aje kuushusha. “Ungeniacha mpaka kesho,” akasema, misumari mdomoni, “wenye mabegi wangekuwepo tukawapima.”

Basi, nikidhani tumemaliza, nilirudi kutoka kazini siku iliyofuata nikakuta kulabu tupu. Mabegi yako chini, katikati ya njia, yamefunguliwa. Na siku iliyofuata vilevile. Nilifoka mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri.

“Kulabu mmewekewa! Zimeshushwa! Mnataka niwaajirie na mtu wa kutundika?”

Wakayaokota wakayatundika, bila kubisha. Hata Chiriku. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Alhamisi sikwenda kazini, nilibaki chumba cha nyuma nikiandika makala. Wakarudi kutoka shule. Nikasikia viatu vinaingia kwenye rafu. Nikasikia mabegi yanatundikwa, la kwanza, la pili. Nilikuwa nainuka niende kuwapongeza, nikasikia sauti ya Mama: “Haya, leteni kazi yangu.”

Nikatoka taratibu. Mama alikuwa amekaa mkekani, pale pale mlangoni penye mwanga, mkono wenye bandeji mapajani. Watoto wakayashusha mabegi waliyotoka kuyatundika, wakayaweka mbele yake. Akafungua la Chiriku kwa mkono mmoja, akatoa kibakuli cha chakula, akakinusa.

“Yai umempa nani?”

“Nimekula, bibi.”

“Umekula! Yai zima, na kibakuli hakinuki hata kidogo?”

“Nimempa yule aliyesahau chakula,” Chiriku akasema.

“Basi sema hivyo. Kesho nitakuwekea mawili.”

Akaendelea, vidole vikipita kwenye mshono, kwenye zipu, kwenye mikanda ya mabegani. Mwanamke aliyeshona sare za mitaa miwili maisha yake yote, mdogo wangu, alikuwa kazini.

“Mama!” nikasema. “Kumbe ni wewe unayeyaweka hapa chini?”

“Ulitaka awe nani? Kila siku nafanya kazi yangu hapa. Wewe uko kwenye magazeti yako, unagombana na watu usiowajua.”

“Na siku ile uliyoanguka?”

Akajidai anatafuta kitu ndani ya begi. Wakili ndiye aliyesema, polepole, “Bibi, mwambie.”

Akaniambia. Siku ile alikuwa amekaa hapo hapo na mabegi yake, simu ikalia sebuleni. Akainuka kwa haraka, mguu ukanasa kwenye mkanda wa begi la Chiriku, akaenda chini. Na aliyepiga ni nani? Meneja! Alikuwa anapiga kuuliza kama Mama amepumzika.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mama naye akacheka, machozi yakamtoka, halafu akaacha ghafla. “Usimwambie,” akasema. “Akijua ni mimi, atasema nimezeeka, siwezi kukaa huku. Nikienda kwake nitafanya nini? Kule hata kikombe cha maji naletewa.”

Nikawageukia wanao. Walikuwa wamesikia kwa masikio yao kwamba wataondolewa nyumba hii kwa kosa ambalo si lao, na wakaomba msamaha. Nikamuuliza Wakili kwa nini hakujitetea, yeye anayejitetea hata asiposhtakiwa.

“Tungesema, wangemchukua bibi,” akanijibu. “Tukinyamaza, tunaondoka sisi tu.”

Isome tena sentensi hiyo. Mimi niliisikia nikiwa bado nimekaa sakafuni, na sikuinuka upesi.

Hawa ndio watoto wasio na nidhamu.

Sasa nimalize na hoja ya tatu, ya kupumzika, kwa kuwa ndiyo inayonichemsha zaidi. Meneja anampenda Mama, sikatai. Lakini anataka kumpenda akiwa amekaa kwenye kochi mbele ya televisheni, hana linalomhusu mpaka saa ya chakula. Mama hakuanguka kwa sababu ana kazi. Alianguka kwa sababu kazi yake haikuwa na mahali pa kufanyiwa, wala simu yake haikuwa na mahali pa kukaa. Mimi nami nilitengeneza mlango kwa ajili ya mabegi, sikuuliza nani anayatumia. Kwa hilo Meneja anaweza kunicheka, nitamruhusu, mara moja.

Nikamwita Kesho tena. Nilipofungua mdomo akawahi: “Leo, dada. Najua.” Pale ilipokuwa ikilala baiskeli ya Baba sasa kuna benchi. Mama alilikalia na kuinuka, akalikalia na kuinuka, Kesho akapunguza miguu yake mpaka Mama akasema hapo. Watoto wakirudi, viatu vinaingia chini ya benchi, na mabegi yanapanda kwenye kulabu. Mama akiwa tayari, linashuka begi moja, linakaa benchini pembeni yake, likimalizika linarudi kabla la pili halijashuka. Sakafuni hakuna kitu. Mkeka umekunjwa.

Pazia la zamani la sebuleni tumelikata, tukashona mifuko ya kutundika ukutani karibu na benchi. Mkono wa Mama haujawa tayari kwa sindano, kwa hiyo yeye aliamuru na wanao wakashona. Kuna mfuko wa simu, wa miwani, wa funguo. Mfuko wa Chiriku ameushona pande zote nne, hauna mdomo. Mama amekataa ufumuliwe. Anasema huo ni wa bili za umeme.

Mabegi ya zamani nayo Mama amekubali yaondoke, baada ya kuyafumua mikanda na zipu zinazofaa. Mlango sasa unafunguka wote, unagusa ukuta. Sauti yake nilikuwa nimeisahau.

Mama ameniruhusu nikueleze. “Baba yao mwambie, ni haki yake,” alisema. “Huyo mwingine akija nitamwambia mwenyewe, hapa hapa benchini. Na viatu atavua.”

Wasalimie wote wanaotuulizia huko. Dada yetu wa pili anakusalimu, alipita juzi na kujaribu benchi akakataa kuondoka. Fundi Kesho anakusalimu, anasema lile dirisha ulilomlipa atengeneze atakuja kesho. Mama anawaombea nyote wawili afya, kazi isiyowavunja migongo, na usingizi wa zamu moja, mlale pamoja kama watu waliooana.

Kwako wewe, mdogo wangu, ninalo dai moja. Mpigie kaka kabla ya Jumamosi umwambie hapana. Usimwambie “tutaona,” kwa Meneja “tutaona” ni ndiyo. Sema hapana, watoto wanabaki kwa bibi yao, na bibi anabaki kwake. Na wewe wifi, najua unaisoma barua hii juu ya bega lake: akisitasita, mnyang'anye simu useme wewe, ni mama yao. Mkimaliza, pigeni hapa nyumbani muwaambie wenyewe Wakili na Chiriku kwamba hawaendi popote, maana mimi nimewaambia na bado wanaulizana. Pigeni jioni, wakisharudi kutoka shule. Simu iko mfukoni pembeni ya Mama. Hatahitaji kuinuka.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokufokea,

Shangazi wa wanao