Mkwe Wangu, Kompyuta Yangu na Njia ya Choo

Jumamosi. Mji wetu wa Kamina umeamka na mawingu mazito. Mvua haitaki kunyesha, jua nalo halitaki kutoka. Sola iliyo juu ya bati langu haipati kitu. Moyo wangu uko vilevile kama mbingu, umefunga na unanguruma.

Leo nina hasira. Naiandika wazi, maana hapa kwenye blogu hakuna mtu wa kumwonea haya.

Kompyuta hii ndogo ndiyo iliyonilisha tangu mume wangu, mtu wa reli, alipofariki. Niliiweka barazani na printa pembeni, nikaandika kwenye ubao "Secrétariat", na wanafunzi wakaanza kuniletea kazi zao za shule niwachapie. Sasa imeharibika. Hapana, niseme ukweli: haikuharibika yenyewe, iliharibiwa na mkwe wangu.

Jina lake siliandiki. Kwetu Waluba mama mkwe hataji jina la mume wa binti yake, hata kwenye simu. Nitamwita Mkwe, inatosha.

Alikuja kwa treni kutoka Lubumbashi kumwona mtoto wake, Béni, ambaye binti yangu Mado alimzaa hapa kwangu. Nikampa chumba cha uani, nikampa na shuka mpya. Alhamisi akaomba kompyuta kupitia Mado, ati aangalie mpira. Nikampa. Mpira ulipokwisha, akaona ujumbe wa mise à jour, yaani wa kusasisha kompyuta, akaunganisha kompyuta na simu yake, akabonyeza "kubali". Hakuniuliza. Mado alipomuuliza kwa nini, akajibu kama profesa:

"PC yenye haifanyake mise à jour iko sawa muntu mwenye haogake."

Basi kompyuta yangu ikaoga. Ilipotoka bafuni haikunijua tena.

Nilipobonyeza A ilitoa Q. Printa ikakaa kimya, kompyuta ikaandika kwamba haipo, na mimi naiona kwa macho yangu. Hayo mawili niliyashinda mwenyewe: nilitafuta pale chini kwenye kona palipoandikwa lugha, nikairudisha kibodi kwenye Kifaransa, nikaifuta printa na kuiunganisha upya mpaka ikakubali. Lakini la tatu lilinikata maini. Nilipofungua kompyuta, ukurasa wa mbele ulikuwa mtupu. Mafaili yangu yote hayapo. Picha ya marehemu mume wangu haipo. Na nyimbo hazipo.

Nyimbo ndizo zinazoniuma.

Kesho kwaya yetu ya akina mama inafanya sikukuu yake kubwa. Tutaimba nyimbo za Kiluba ambazo hazimo katika kitabu chochote. Nilizikusanya mimi, kwa kukaa na mabibi mmoja mmoja na kuandika walivyoimba. Mama Kisimba, mkubwa wao wote, aliniimbia akiwa amelala kitandani, anapumzika kila baada ya mstari. Kiangazi kikamchukua. Watoto wake watakuwa kanisani kesho kusikia nyimbo za mama yao, na sisi tunakumbuka kiitikio tu. Karatasi za kwanza zililiwa na mchwa. Flash niliyokuwa nimezinakilia niliiazimisha, na wote tunajua flash ikiazimwa huwa inahamia kabisa. Zilibaki kwenye kompyuta peke yake.

Jana niliipeleka kwa fundi wa simu sokoni. Akaitazama kidogo tu, akacheka.

"Tuna-formater tu, mama. Itakuwa mupya."

"Na nyimbo zangu?"

"Aa, byote bitatoka. Lakini itakuwa mupya!"

Nilimpokonya kompyuta mkononi, nikarudi nyumbani kwa pikipiki nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Njia nzima sikuwa nawaza habari ya kompyuta. Nilikuwa nawaza kisasi.

Tatizo ni kwamba mkwe hagombezwi. Mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na mmoja hapiti mbele ya mwenzake aliyekaa. Wapo mjini walioyaacha haya. Mimi sijayaacha. Kwa hiyo mtu ameniua, na heshima inanikataza hata kumwambia kwamba nimekufa.

Nilianza na kuku. Jana jioni nilipika kuku wa kulia bukari, ugali wetu, na firigisi, ambayo ni haki ya mkwe katika nyumba yangu, nikampa paka. Nikamtazama paka akiila mpaka mwisho. Halafu Mado akaniletea sahani tupu: mume wake anashukuru sana, chakula kilikuwa kitamu. Hakutambua hata kidogo! Watoto wa mjini hawajui haki yao iko wapi. Nikaelewa kwamba kisasi asichokiona mwenyewe ni kazi bure.

Leo asubuhi nikatafuta kitakachoonekana.

Kutoka chumba cha uani hadi chooni kuna njia moja, nyembamba, kati ya jiko na ukuta wa jirani. Nilichukua kiti changu, nikakiweka katikati ya njia hiyo. Nikakaa, kompyuta mapajani, sombe, majani ya muhogo, ya kuchambua miguuni. Nikasubiri.

Mlango wa chumba cha uani ukafunguka. Nikainama kwenye sombe kwa adabu zote. Mlango ukafungwa. Baadaye ukafunguka tena, ukafungwa haraka zaidi. Naungama: nilifurahi. Nilifurahi kama msichana aliyeiba sukari.

Mwisho Mado akatoka, Béni mgongoni.

"Mama, Papa Béni anaomba njia."

"Umuambie nyimbo yangu ikirudia, na minyi nitasimama."

"Mama! Hii si kintu ya kucheza. Yee iko na haja."

"Na minyi niko na haja. Haja yangu iko mu PC."

Mado akashika kiuno, akanikumbusha kwamba hasira ni hasara. Nikamjibu kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, mume wake leo ausikie na yeye ulivyo mchungu. Akarudi ndani. Wakanong'onezana. Kisha sauti ya Mkwe ikatoka nyuma ya pazia la dirisha, sauti ya mtu aliyebana miguu.

"Mado, uulize mama: PC ikiwaka, inaandikaka nini?"

Nilisikia kila neno. Ila kwa heshima nilisubiri Mado aje arudie, nikamjibu Mado, na Mkwe naye, aliyekwisha kunisikia, akasubiri Mado amrudishie jibu. Nilichukua muda wangu. Nikasema kuna maandishi yanayotokea kila ninapowasha, ila huwa nayafunga bila kuyasoma, maana kompyuta husema mambo mengi.

"Umuambie awashe tena. Asome."

Nikawasha. Nikasoma. Yalisema kwamba niko kwenye "profil temporaire", yaani ya muda tu. Mado akapeleka maneno hayo dirishani, na kule ndani nikasikia mtu anajipiga paji la uso.

"Njo ile! Mado, umuambie mama, nyimbo haikupotea. Kisha mise à jour, PC ilishindwa kufungula chambre yake, ikamulalisha mu chambre ya bageni. Bintu byake byote biko mu chambre yake. Asiandike kintu hapo, kama anazima kitatoka. Aingie ku Disque C, ku Utilisateurs, atafute jina yake."

Moyo wangu ukaruka, na hasira yangu ikakasirika kwamba moyo umeruka.

Ndipo Béni akaanza kulia, kile kilio cha njaa kisichosikia neno la mtu. Mado akakimbilia chumbani kwangu kumnyonyesha. Na ndipo alama ya betri kwenye kompyuta ikawa nyekundu.

Sikufikiri. Niliinuka na kompyuta yangu, nikakimbia barazani kwenye betri kubwa ya sola, ambako labda umeme kidogo wa jana umebaki. Sombe ikamwagika. Nilipokwisha kuchomeka waya ndipo nikakumbuka: nimeacha njia wazi.

Sawa, nikasema, ameshinda. Atapita, na mimi nitabaki na Disque C yangu peke yangu. Nikabonyeza huku na huku. Utilisateurs, folda ya watumiaji, sikuiona. Umeme wa betri ulikuwa wa kubahatisha, taa ya waya inawaka na kuzimika.

Nikasikia hatua. Hazikuwa zinaelekea chooni.

Mkwe wangu aliingia barazani kinyumenyume. Mgongo mbele, uso nyuma, anapapasa ukuta kwa mkono, mpaka akafika pembeni ya printa. Akasimama hapo ameutazama ukuta, kichwa chini, magoti yamebanana. Hakunisemesha mimi. Aliusemesha ukuta.

"Mama akiona folda ya manjano, afungule mara mbili. Kule chini. Inaandikwa Utilisateurs."

Nami nikaujibu ukuta mwingine.

"Mama ameiona."

"Kuko majina mbili. Ile ya temporaire aiache. Afungule ile ya jina yake. Ikiuliza ruhusa, akubali."

"Amekubali."

"Sasa afungule Bureau, ukurasa wake wa mbele."

Nikafungua. Marehemu mume wangu akanitazama kutoka kwenye picha yake. Chini yake, faili la nyimbo. Nikalifungua, nikashuka hadi kwa Mama Kisimba, mstari kwa mstari, na pale alipopumzika nilikuwa nimeacha nafasi. Nafasi zote zilikuwepo.

"Anakili kwanza ku flash," ukuta ukasema kwa sauti nyembamba sana. "Flash iko yangu. Iko juu ya printa. Asiirudishe."

Nikanakili. Nikachapa ukurasa wa kwanza, taa ya waya ikiwa bado inacheza, na karatasi ikatoka nzima. Mkwe aliposikia printa imenyamaza, akauliza ukuta kama sasa mama ameenea, yaani ametosheka. Nikasema ameenea. Basi akatoka mbio. Sijapata kuona mkwe anakimbia hivyo.

Sasa ni mchana. Karatasi za kwaya ziko mezani, nimezibana kwa jiwe. Mado ananitazama akitabasamu, nami sitabasamu. Nilikuwa nimepanga kisasi cha wiki nzima: ndoo ya maji ya baridi, kitanda kinacholia, mchele wenye mawe. Kila ninapojaribu kukirudia, namwona amesimama pale na uso ukutani, njia ya choo iko wazi nyuma yake.

Kompyuta yangu aliiharibu bila ruhusa. Leo hasira yangu nayo ameiharibu, na hakuomba ruhusa pia.

Na mila hainipi hata njia ya kumwambia asante, maana simwangalii, simgusi, simwiti kwa jina. Natakiwa nimtume Mado. Lakini neno hili nikimpa Mado alipeleke dirishani kama habari ya folda, litafika likiwa zima?