Mwiko Ubaki Mezani

Wanangu,

Nimekimbilia zamu hospitali. Maharage yapasheni, nguo zianueni mapema. Sufuria ya uji nimeiloweka, msiikwangue kwa kisu. ~~Mwiko uosheni.~~ Hapana! Mwiko uacheni hapo hapo mezani.

Najua mmekwenda shule mmenuna kwa kunywa chai kavu. Sikieni basi. Mlipokuwa mnagombania bafu, mimi na baba yenu tulikuwa jikoni tunaongea na yule mama mshauri wa ndoa wa kwenye simu. Akatuambia tuchague kitu chochote: anayekishika ndiye anayesema, mwenzake anafunga domo. Nikampa baba yenu mwiko, kwa utani tu. Si mnamjua Bwana Sawa-tu? Tangu karakana yao ifungwe, umuulize nini, jibu ni hilo hilo.

Leo kaushika kwa mikono miwili, akasema, "Naogopa."

Halafu akaendelea! Uji unaungua, naunusa kabisa, na mimi huyu mwenye mdomo kama cherehani nimekaa kimya. Bando likaisha, simu ikakatika, yeye bado anasema!

Sasa amelala fofofo. Msimwamshe, na redio msiwashe.

Jamani, jioni iko mbali! Tutakaa wote, na mwiko naanza kuushika mimi, mtu asininyang'anye. Hata mimi naogopa, wanangu, ila leo ndiyo nimejua kumbe jambo hilo husemwa.

Mama yenu