Picha Inayotetemeka

Quito, Jumapili

Nubia mpenzi,

Video imefika. Tangu wenye bunduki wanifukuze kwetu Mompox sijauona ua wetu, na leo nimeuona kutoka angani, kwa droni ya jirani yako Heriberto. Mpapai umezaa. Ukuta una rangi mpya. Hukuniambia nani kaupaka.

Kwenye sauti aliyoirekodi kwa simu, nimemsikia Heriberto akikuambia, "Cheka basi, mrembo!" Nawe ukamjibu, "Shusha dude lako, mzee, kabla halijanivunjia vigae!" Ukacheka, ukapunga mkono. Kwenye simu hujawahi kunichekea hivyo.

Unauliza kwa nini picha inatetemeka. Umesema alinunua propela za bei rahisi, akazifupisha kwa mkasi. Amelinganisha urefu, akasahau uzito, ndiyo maana zinaitikisa droni. Dawa ni ndogo: kila propela aipachike kwenye sindano, na upande unaoinama aukwangue kwa msasa mpaka itulie.

Lakini usimwambie. Picha ikitulia, nitaona unamtazama nani unapopunga mkono. Ikiendelea kutetemeka, naweza bado kuamini kwamba unanipungia mimi.

Wako, kama nafasi ingalipo,
Anselmo