Mashine Haijamaliza Kazi, Mtani

Mtani wangu Sefu,

Shikamoo. Umeona? Leo nimekuamkia. Miaka yote tuliyofanya kazi chumba kimoja ulikuwa unaidai shikamoo hii, nami nakujibu kwamba Mnyamwezi hawezi kumwamkia Mluguru, labda Mluguru ashuke kwanza mlimani akaoge. Na ulikuwa na umri wa kunizaa. Leo naitoa bure, bila kubembelezwa, na wewe huitikii. Ukorofi wako haujaisha hata huko uliko.

Nakuandikia nikiwa pale pale, chumba chetu cha mjini, dirisha limeelekea milima. Wametuletea kompyuta mpya kutoka Dar. Ile ya zamani, iliyokuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga, wameiondoa. Kiti chako hakijakaliwa na mtu. Aliletwa kijana mmoja kujaribu kazi, nikamwambia kile kiti kibovu, mguu umelegea. Nilimdanganya. Alikaa kwenye benchi mpaka akaacha kazi.

Dada yako Mwanahamisi bado anakaanga vitumbua pale Bigwa. Wiki iliyopita aliniuliza mbona siku hizi haji mtu kuwasomea wateja wake maneno ya simu. Nikanunua vitumbua ambavyo sikuwa na hamu navyo, nikaondoka.

Unakumbuka Ijumaa zile? Wewe ulikuwa umekaa nyumbani tangu kiwanda cha nguo kilipobinafsishwa, mkapunguzwa wote, na mitambo ikauzwa kama vyuma chakavu. Ghafla kila kona kuna kampuni ya simu, kila mtu anataka simu inayoongea Kiswahili, na yule bwana wa Dar akatupa kazi ya kutafsiri maneno yanayotokea kwenye vioo vya simu na kompyuta. Mimi nilikuwa na kompyuta, wewe ulikuwa na kalamu na ubishi. Nilikunakilia sentensi moja moja kwenye karatasi, ukaandika Kiswahili chake, nikazirudisha moja moja mahali pake ndani ya faili. Kazi ya wiki nzima, macho yanauma. Ijumaa, ukishatoka msikitini, tunakwenda Bigwa na karatasi zetu, tunawasomea watu waliokuja kununua vitumbua.

Nakumbuka tulivyowasomea ile, “Je, una uhakika unataka kufuta?” Mama mmoja akakasirika. “Simu yangu mwenyewe, nimeinunua kwa hela yangu, leo iniulize kama nina uhakika? Kwani mimi mtoto?” Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Jioni ile ile ukaibadilisha ikawa, “Nifute kweli?” Ukasema simu ni mtumishi, iombe ruhusa kwa adabu.

Halafu nikaunda ile programu. Ilikuwa inaingia yenyewe kwenye mafaili, inachukua sentensi, zile tulizokwisha kuzitafsiri inazijaza kwa maneno yako ya zamani, mpya inakuletea wewe, ukimaliza inazirudisha mahali pake. Siku ya kwanza ilipofanya kazi ulivua miwani, ukaitazama, ukaniambia, “Mpagazi wa Kinyamwezi amechoka kubeba, amejitafutia mpagazi wake.” Wapo waliodhani utaichukia, maana uliwahi kufukuzwa na kiwanda. Hukuichukia. Ulifurahi kunishinda, kwa sababu ya mama yako.

Ulinisimulia habari za mama yako kila siku ya Mungu. Anaishi peke yake Kinole, amezeeka, hataki kushuka mjini, migomba yake inaanguka kwa kukosa wa kuiegemeza. “Mashine ikimaliza kazi,” ukasema, “napanda nikakae naye msimu mzima wa karafuu. Nikirudi utanikuta nimenenepa.” Nikakuambia Mluguru akinenepa milima itadidimia. Mtani, nilikuwa naiunda ile programu ili uende. Naomba ulijue hilo.

Lakini yule bwana wa Dar alipoona kazi imerudi mapema hivyo, akatuma nyingine kubwa zaidi. Tukaimaliza. Akatuma mbili. Nasi tulifurahi wote, tusidanganyane. Tulikuwa tumeshazoea kukosa kazi, nani angeikataa? Ukasema, “Mzigo huu ukiisha, napanda.” Ukaisha, mwingine ulikuwa umeshaingia. Yule bwana akaandika tena kwamba huko kusomea watu Bigwa ni kupoteza wakati, mashine inakumbuka kila kitu. Ijumaa zikawa siku kama siku nyingine. Msimu wa karafuu ukapita. Ukaja wa pili, tukawa tunatafsiri programu ya benki.

Siku ile ulichelewa, na wewe hukuwa mtu wa kuchelewa. Nikakuandalia maneno ya kukutania ukifika. Badala yako akaja mtoto wa Mwanahamisi, akasema mjomba ameanguka njiani, presha. Hata alasiri hukuifikia. Yale maneno bado ninayo na sijui niyapeleke wapi.

Kinole nilipanda kwa mara ya kwanza nikiwa nyuma ya jeneza lako. Ulikuwa umenialika mara ngapi? Sikuwahi kufikiri kwamba ungetangulia kwa staili hiyo. Wanaume walipokwenda kukuzika, nasi wanawake tukabaki, shangazi yako akaniita nyuma ya nyumba. Akaniuliza, “Wewe ndiye Mnyamwezi wake?” Nikaitikia. Akanipa koti lako la kahawia na miwani yako, akasema, “Basi fanya kazi yako, msiba umezidi kuwa mzito.”

Unajua kazi ya mtani msibani. Nikavaa koti, likanifika magotini. Nikaitia miwani yako puani, nikaingia ukumbini walipokaa wanawake, nikatembea mwendo wako ule wa mtu anayetafuta kitu alichokishika mkononi. Nikaokota karatasi ya maandazi, nikaisogeza karibu na uso, nikasema kwa sauti yako, “Nani ameandika takataka hii? Nani ataelewa?” Wakacheka, mtani. Mwanahamisi alicheka machozi yakimtoka. Nikaendelea, nikawakaripia, nikadai chai isiyo na sukari halafu nikalalamika haina sukari. Nilikuwa nimekupata kabisa. Kwa kitambo kidogo hata mimi nilisahau kwamba umekufa.

Mama yako alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka. Akanyoosha mkono, akanishika mfuko wa koti. Akanitazama usoni kwenye miwani yako, akaingia kwenye mchezo kama mila inavyotaka.

“Sefu baba, umekuja? Ile mashine imemaliza kazi?”

Wote wakangoja nijibu kwa sauti yako. Nami nilikuwa na majibu mia ya kuchekesha, unanijua. Nikasema, “Bado, mama.”

Akaniachia koti. Akasema, “Basi rudi, mwanangu. Ikimaliza uje.”

Wenzake wakaangua kicheko, wakasema bibi naye anajua kuigiza. Nikatoka nje, nikashika mgomba, nikalia nikiwa ndani ya koti lako. Nililia kwa hasira. Nilikukasirikia wewe uliyengoja, nikajikasirikia mimi niliyeamini kwamba kazi ni kitu kinachofika mwisho ukiwa na haraka ya kutosha.

Koti walinipa, ndiyo haki ya mtani. Liko kwenye mgongo wa kiti chako.

Mashine nayo haijui msiba. Inakugawia sentensi zako kila asubuhi, zinarundikana kwenye jina lako, na kazi haiendi. Dar wakaniandikia nikuondoe. Nikafungua orodha, nikachagua jina lako, nikabonyeza. Ikaniuliza, “Nifute kweli?”

Sikuweza, mtani. Nikabonyeza hapana. Sentensi zako nazifanya mwenyewe, wewe ukisifiwa. Ndio utumwa uliokuwa ukinitania nao, ukiniita mtumwa wako, sasa umenipata.

Lakini nimefanya jambo moja. Nimeipangia mashine kwamba kila Ijumaa isipokee wala isitume chochote. Dar wamelalamika. Wamesema wapo watu Nairobi wanaofanya siku zote saba. Nimewaambia wawatafute hao. Huenda wakawatafuta kweli, na mimi nikakaa nyumbani kama wewe ulivyokaa. Naogopa, sikufichi. Lakini kila Ijumaa asubuhi nitaanzia Bigwa kwa Mwanahamisi nikasome karatasi zangu, na msimu wa karafuu nitapitiliza mpaka Kinole. Nimeshatafuta fito za kuegemeza migomba.

Pumzika, Mluguru wangu. Mungu akupe kivuli, na wakutanie huko kama nilivyokutania, usije ukajisahau ukadhani umekuwa mtu mkubwa.

Msimu umeanza, Ijumaa hii napanda kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nitavaa koti lako, kule juu kuna baridi. Najua mama atalishika na najua atakachouliza. Nitamwambia haijamaliza, mama. Nimeiacha huko huko na kazi yake, nimekuja.

Mpagazi wako,
Nyamizi